Riwaya tamu, mwisho unaudhi: mnahukumu kitabu kwa kurasa zake za mwisho?

Mla Kurasa

Wakuu habari zenu, na wakubwa mnaostahili shikamooni. Kuna jambo linanikera muda sasa nikaona nilimwage hapa maana humu ndo kuna watu wanaosoma kweli, sio wale wa kusoma kava na kurasa mbili halafu anakuja kusifia.

Mimi nasoma chochote, sichagui. Leo nipo na riwaya ya kijasusi, kesho nipo na Mrusi wa karne ya 19, keshokutwa Shaaban Robert na sioni tabu. Ila nimejichunguza nikaona karibu kila kitabu ninachokisifia au kukiponda mbele za watu, kumbe ninachozungumzia ni mwisho wake. Kitabu kinaweza kunibeba kurasa mia nne vizuri kabisa halafu kumi za mwisho zikanitibua, na kuna kingine nimekikokota kwa tabu mpaka nataka kukiacha, nafika ukurasa wa mwisho natamani kurudi mwanzo. Natoa mifano, SPOILA ZIPO, asije mtu kunilaumu.

Naanza na ninachokipa namba moja, Things Fall Apart ya Achebe (1958, wengine mliisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo). Watu wengi ukiwauliza mwisho wanakwambia Okonkwo kajinyonga. Sio huo. Mwisho wenyewe ni yule mkuu wa wilaya Mzungu anaondoka zake huku anawaza kwamba kisa cha huyu mtu kitanoga kwenye kitabu anachopanga kuandika, kwanza anataka kumpa sura nzima, halafu anajirudi anaona aah, aya moja inatosha. Wewe umeishi na Okonkwo toka anambwaga Amalinze kwenye mieleka, umemwona anaanza maisha kwa mbegu za viazi vikuu za kukopa, umemwona anamkata Ikemefuna, kijana aliyemlea nyumbani kwake, kwa kuogopa kuonekana dhaifu, halafu anatokea mtu anasema aya moja inatosha. Na Achebe haongezi hata neno moja la kulalamika, anakata hapo hapo. Nilitukana peke yangu.

Cha pili ni Peponi ya Gurnah (ya Kiingereza ya 1994, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022). Yusuf kawekwa rehani kwa deni la baba yake, kamtumikia tajiri Aziz miaka yote hiyo, kaenda misafara bara karudi, na pale mwishoni kabisa wanapita askari wa Wadachi (Wajerumani) wanakusanya watu kwa nguvu, yeye kajificha anawachungulia. Wakiondoka anaona mbwa wanakula vinyesi walivyoacha. Na baada ya kuona hayo yote anatoka mbio anawafuata hao hao askari! Mwandishi hakuelezi kwanini. Hakuambii alifika wapi wala kama alijuta. Nilikaa nabishana na hicho kitabu wiki nzima, anakimbia utumwa kwenda utumwa mwingine au ndo mara ya kwanza kaamua kitu mwenyewe? Huo kwangu ndo mwisho, unakuachia kazi.

Sasa walioniudhi. Crime and Punishment ya Dostoyevsky (1866). Kitabu kizima muuaji Raskolnikov ana homa, anaweweseka, yule mpelelezi Porfiry anamzungukazunguka mpaka wewe msomaji ndo unatoka jasho, kaenda kituoni kakiri. Basi si ufunge hapo? Hapana, inakuja nyongeza ya Siberia, miaka minane, Sonya kamfuata, ghafla mapenzi, ghafla mtu mpya. Naona kama mwandishi aliogopa kutuacha gizani.

Na hapa najua nitarushiwa mawe, Kusadikika. Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, anajitetea siku sita, kila siku anasimulia safari ya mjumbe mmoja na jinsi alivyorudi na faida akaishia kufungwa. Hoja zimepangika, Majivuno anayemshitaki anakosa pa kushika. Halafu mfalme anakubali, watu wanafunguliwa, imekwisha. Swali langu, je kama mfalme angekuwa roho mbaya? Hoja zote zile zingekuwa na faida gani?

Za kijasusi siziingizi kwenye hesabu. Willy Gamba wa Musiba unajua steringi hafi, unasoma kuona atatokaje, na roho inatulia. Hazidanganyi mtu.

Swali langu: ninyi mnahukumu kitabu chote kwa mwisho wake au ni mimi tu nina matatizo? Na nitajieni yenye mwisho wa haki na yenye mwisho wa kihuni. Nawasilisha.

Kiko cha Msa

Mkuu uzi mzuri ila umetudharau sisi wa riwaya za upelelezi, eti huziingizi kwenye hesabu. Upelelezi ndo aina pekee ya riwaya ambayo mwisho ukiwa mbovu kitabu chote kinakufa, hakuna cha kukiokoa, maana toka ukurasa wa kwanza mwandishi kakuahidi jibu. Riwaya ya mapenzi hata ikiishia hewani utasema lugha ilikuwa nzuri. Ya upelelezi ikiishia hewani umeibiwa.

Mimi nimekulia kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, zote. Utamu wake ni kwamba Bwana Msa na kiko chake anakwambia ukweli nusu nusu njia nzima na wewe upo na msaidizi wake Najum mnahangaika wote, halafu pale mwisho anawakalisha watu anaanza kufumua fundo moja baada ya jingine. Malalamiko yangu ni moja tu, maelezo yake wakati mwingine ni marefu kupita kiasi, nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kabla, nasaba zinaingiliana mpaka unahitaji karatasi na kalamu. Kuna sehemu nimesoma ufumbuzi mara mbili na bado siwezi kukueleza vizuri. Lakini hajawahi kunidanganya, dalili zote zilikuwepo.

Kama hujasoma The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie (1926) usiguse komenti ya mtu yeyote juu yake, kasome kwanza. Sitasema kitu. Nitasema tu kwamba ukimaliza unarudi nyuma kutafuta mahali alipokudanganya na hupati, kila sentensi ni ya kweli, ni wewe uliyejisomea unachotaka. Kuna aya moja ina pengo la dakika kadhaa na unapita juu yake kama hakuna kitu. Wapo walionuna wakati ule wakasema kavunja sheria za mchezo. Mimi nasema huo ndo mwisho wa haki kuliko yote uliyoitaja.

Na kuhusu mwandishi kuogopa msomaji, ya Sherlock Holmes mnaijua? Conan Doyle alimchoka yule jamaa, mwaka 1893 akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach pamoja na adui yake Moriarty, amemalizana naye. Wasomaji wakachachamaa, wengi wakaacha kununua lile gazeti lililokuwa linachapa visa vyake. 1901 akaanza kutoa The Hound of the Baskervilles, ila kijanja, kisa kinatokea kabla Holmes hajafa. 1903 akasalimu amri, Holmes akarudi mzima, kumbe hakuanguka. Ule ufafanuzi wa alivyopona ni mwepesi mno, hata mtoto anaushtukia, lakini nani alijali? Watu walitaka mtu wao. Kwaio mkuu usimlaumu mwandishi peke yake, sisi wasomaji nasi ni wakorofi.

Dogo Janja wa Maktaba

Mi nilikuwa nipo sura ya 12 ya Peponi 🙄 asante sana

Mla Kurasa

Dogo niliandika SPOILA ZIPO kwa herufi kubwa kabisa, tena kitabu cha 1994 😂 We endelea, utaona kujua mwisho hakukusaidii chochote, bado utabaki unajiuliza. Halafu kitabu kimegawanyika sehemu sita, hiyo sura ya 12 umeitoa wapi?

Dogo Janja wa Maktaba

Naisoma kwenye simu nahesabu kwa kuscrol bana, usinibane

Binti Sadiki

Nimesoma uzi wote nikawa nasubiri mtu ataje jambo moja, hamna. Kaka zangu mnazungumzia mwisho kama ufundi tu, mimi nikisoma naangalia nani anauawa mwishoni. Na mara nyingi ni mwanamke.

Rosa Mistika (1971). Emma Bovary anakula sumu ya arseniki, Anna Karenina anajitupa chini ya treni, Rosa wa Kezilahabi naye anajimaliza. Tofauti za nchi na karne ila binti akishavuka mstari lazima afe, mwandishi hana kingine cha kumfanyia. Mara ya kwanza kusoma Rosa Mistika nilichukia, nikaona hii ni hotuba ya kututisha mabinti, ukitembea na wanaume yatakukuta haya. Na kumbuka kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni eti kinaharibu watoto, halafu baadae kikaja kuruhusiwa.

Lakini ukikisoma taratibu Kezilahabi hamhukumu Rosa kabisa. Rudi mwanzo. Zakaria anapata barua ya mvulana kwa binti yake, anampiga vibaya mno, mtu mlevi asiyejua hata watoto wake wamekula nini ndo anageuka mlinzi wa heshima. Rosa anatoka pale hajui kuzungumza na mwanaume, anajua kuogopa tu. Anafika shule kila mtu anamwona mshamba. Hayo yanayofuata yote yanatoka kwenye kile kipigo. Halafu mwishoni anakuja Deogratias, mchumba, anayemtaka bikira. Yaani wanaume waliokuwa naye wapo wanapumua, wanaitwa mabwana wakubwa, anayetakiwa kuwa safi ni yeye peke yake. Sasa niambie kama huo ni mwisho wa kumwadhibu Rosa au wa kutuonyesha nani walimfikisha pale. Sikipendi hata leo, naumia kila nikikifikiria, ila siwezi kusema mwisho ni mbovu.

Anna Karenina nayo watu husahau kwamba Anna akishakufa kitabu kinaendelea! Sehemu ya nane nzima ipo na Anna karibu hatajwi, tupo shambani na Levin anawaza Mungu yupo au hayupo, nyuki wake, mtoto wake. Yule mhariri aliyekuwa anaichapa kwenye jarida, Katkov, aliikataa ile sehemu ya mwisho kwa sababu Tolstoy aliwasema vibaya Warusi waliojitolea kwenda vita vya Serbia, ikabidi Tolstoy aitoe mwenyewe kando mwaka 1877. Kama ungekuwa umeisoma jaridani kipindi hicho ungebaki na treni tu. Na mimi ile sehemu ya nane ndo naipenda, kwa sababu inaumiza kuliko treni, mtu kafa na watu wanaendelea kuhangaika na nyuki.

Unayetaka mwisho wenye haki, kasome Mariama Bâ, Une si longue lettre (1979), kwa Kiswahili ni Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye kafiwa na mume ambaye alishamtelekeza akaoa rafiki ya binti yake mwenyewe, Binetou. Arobaini ikipita tu shemeji Tamsir kaja kumposa kama anachukua kiti kilichobaki wazi. Anamtolea uvivu aisee, ile sehemu naisoma kwa sauti. Halafu anakuja Daouda Dieng, huyu ni mwema, anampenda toka ujana, ana cheo. Msomaji unaomba akubali. Anakataa! Kwa sababu Dieng ana mke nyumbani na yeye anajua uchungu wa kuletewa mwenzio. Mwisho wa kitabu hakuna mwanaume aliyekuja kumwokoa, kuna rafiki yake Aissatou anatarajiwa kufika. Basi. Hajafa, hajaolewa, na hajakata tamaa.

Mwalimu Ukutani

Binti Sadiki umenena dadangu, hapo kwa Tamsir nami huwa nasimama.

Mimi nafundisha kwaio nitaongea kuhusu vitabu teule, na pengine hapa ndipo tatizo la Mla Kurasa linapoanzia bila yeye kujua. Riwaya zetu nyingi za Kiswahili zinasubiriwa na mtihani. Mwandishi anajua, mchapishaji anajua hata zaidi, kwamba kitabu kikiteuliwa shuleni kitasomwa na maelfu, kisipoteuliwa kitakaa kwenye rafu. Basi mwisho unaandikwa huku swali la mtihani likichungulia dirishani. Mwovu sharti aanguke, mwema sharti ainuke, ndio mtoto apate pointi za maudhui.

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012). Mimi nampenda sana Walibora na kifo chake cha 2020 kiliniuma. Ile hila ya mswada kuibwa ni ya kupendeza, Amani anaandika riwaya, Mwalimu Majisifu anaipora anaitoa kwa jina lake na kupata sifa, na riwaya hiyo iliyoibwa ina jina lile lile la kitabu ulichoshika mkononi. Hapo ungeweza kwenda mbali mno. Lakini ikifika mwisho Mtemi Nasaba Bora kaanguka, wezi wamejulikana, kila mtu kalipwa ujira wake kama siku ya mwisho wa mwezi. Wanafunzi wangu wanafurahi. Mimi nikisahihisha insha mia zenye jibu moja sifurahi sana.

Siku Njema yake ya 1996 naiona ina uhai zaidi japo ni ya ujanani. Msanifu Kombo, yule Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba, na sadfa zilizomo humo ni nyingi, ukizihesabu utacheka. Lakini lugha inakimbia, na kila anayekutana naye njiani ana kisa. Nikimuuliza mtu aliyeisoma zamani anakumbuka safari, hakumbuki mwisho.

Na hapo ndipo ninapokataa hoja yako ndugu. Kitabu kinaishi katikati. Dickens aliandika mwisho wa Great Expectations ambapo Pip na Estella wanakutana kidogo tu na kuachana, rafiki yake Bulwer-Lytton akamshauri aubadilishe, akaubadilisha, na ndio uliochapwa 1861. Kuna wanaoupenda ule wa kwanza na wanaoupenda huu wa pili, wanabishana mpaka leo. Lakini niambie, Miss Havisham na keki yake ya harusi iliyoota utando na saa zilizosimamishwa, inabadilika chochote ukiweka mwisho huu au ule? Hemingway aliwahi kusema aliandika upya ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms mara 39, na toleo la 2012 likaweka hadharani miisho 47 ya kila namna. Na Kafka je? The Castle inakatika katikati ya sentensi. Hakuimaliza, na alimwagiza rafiki yake Max Brod achome maandishi yake yote, Brod akakaidi akaichapa 1926. Kwa kipimo chako Mla Kurasa hiyo inapata sifuri. Nami nasema haihitaji mwisho, mhusika wake K. hawezi kufika kwenye ile ngome, ukimwongezea kurasa mia tano bado hafiki.

Kuhusu Kusadikika usiwe mwepesi. Ilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Mtu anaandika kuhusu raia anayeshitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, wajumbe wanaotupwa gerezani kwa kuleta habari njema, na anaipeleka kuchapwa wakati huo. Mfalme mwema mwishoni ndiye aliyewezesha kitabu kipite. Kupitia huyo mfalme anaambiwa mtu fulani asiyekuwemo kitabuni, kwamba nawe ungeweza kuwa hivi. Msome mara ya pili ukiwa na hilo akilini uone kama Majivuno hakukumbushi mtu.

Mla Kurasa

Mwalimu hiyo ya Kusadikika nimeipokea kwa nusu. Nakubali ndo iliyokipitisha kitabu. Lakini Karama mwenyewe kitabuni hajui habari za Mwingereza, yeye ana shauri lake, na shauri hilo linaamuliwa na hisani. Angalau Shaaban Robert angemwacha mfalme asite kidogo. Ila ile ya mtihani kuchungulia dirishani umenimaliza, kuna riwaya kama nne nimezifikiria papo hapo sizitaji.

Binti Sadiki, Rosa nitarudi. Nilikisoma nikiwa mdogo nikaruka kipigo nikakimbilia sehemu zingine, na we unajua zipi 😅

Kiko, Christie nakuachia, ila hujajibu ya Raskolnikov, nani anamtetea?

Kiko cha Msa

Mi simtetei, aliua kikongwe na ndugu yake kwa shoka halafu hata pochi hakuifungua. Mhalifu wa hovyo kuwahi kutokea. Bwana Msa angemkamata kabla chai haijapoa.

Jicho la Tatu

Namtetea mimi. Mla Kurasa umesema kule Siberia ghafla mapenzi ghafla mtu mpya. Fungua tena ile nyongeza. Karibu yote jamaa hajatubu! Yupo gerezani anaumwa, na kinachomuuma ni kiburi, anaona aibu kwamba alikamatwa kijinga, sio kwamba aliua. Bado anaamini wazo lake lilikuwa sahihi ila yeye ndo hakuwa mtu wa kulibeba. Wafungwa wenzake wanamchukia, Sonya wanampenda. Sonya anakuja kila mara yeye anampokea kwa kununa. Kuna ile ndoto ya ugonjwa kutoka Asia unaowafanya watu kila mmoja ajione yeye peke yake ndo ana ukweli mpaka wanauana. Kugeuka kwenyewe ni kurasa chache sana za mwisho, kando ya mto, na mwandishi anasema wazi kwamba hiyo ni hadithi nyingine. Kama angefunga pale kituoni kwenye kukiri, ungebaki unadhani kukiri ndo kutubu. Ile nyongeza inakuonyesha havihusiani, mtu anaweza kukiri kila kitu na moyoni hajabadilika hata chembe. Kwangu hiyo ni kali kuliko kitabu kizima.

Nikikupa wa kihuni mimi nakupa One Hundred Years of Solitude (1967). Najua ni dhambi. Vizazi vyote vile, Aureliano sijui wa ngapi, José Arcadio sijui wa ngapi, kisha upepo unafuta mji wao wa Macondo wote wakati huo huo wa mwisho wa ukoo anasoma kwenye ngozi alizoandika yule Melquíades kwamba upepo unafuta Macondo yote. Ni ufundi, sikatai, ukisoma unasisimka. Halafu ukitulia unajiuliza, kwaio kila kitu kilishaandikwa toka mwanzo? Wale watu wote walikuwa wanahangaika bure? Úrsula yule mama aliyeibeba nyumba hiyo mpaka akapofuka na bado akawa anawazuga watu anaona, naye alikuwa mstari kwenye ngozi? Mimi Úrsula nilimtaka abaki.

Na wa haki, Season of Migration to the North ya Tayeb Salih (1966). Msimulizi kaingia mtoni Nile usiku, yupo katikati, kusini hafiki kaskazini hafiki, nguvu zinamwisha. Kitabu kizima amekuwa mtazamaji wa maisha ya Mustafa Sa'eed, anachunguza ya mwenzie. Pale majini kwa mara ya kwanza anaamua anataka kuishi, anapiga kelele za kuomba msaada. Kinafungwa hapo. Hujui kama alisikika. Mla Kurasa wewe mwenye kupenda Yusuf kukimbilia askari ukasome hiki, vinazungumza.

Mzee wa Falsafa

Nagona ya Kezilahabi (1990) inaishaje? Nauliza kwa nia njema kabisa. Hakifiki kurasa mia, nimekisoma zaidi ya mara moja.

Mwalimu Ukutani

😂😂 Mzee, hata inavyoanza tuna kikao.

Jicho la Tatu

Mzee mimi nilisoma Mzingile (1991) nikidhani itanijibu ya Nagona. Nikatoka na maswali ya vitabu viwili.

Binti Sadiki

Ila jamani mnaona huyo Kezilahabi, mtu aliyeandika Rosa Mistika moja kwa moja hivyo, sentensi fupi fupi kama anakusimulia kibarazani, ndo huyo huyo wa Nagona. Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zipo katikati. Ukizisoma kwa mpangilio unamwona anaanza kuchoka na hadithi zenye kichwa na mkia. Mimi Nagona siipendi, sitaki kudanganya, nikiisoma nahisi nipo nje ya mlango. Ila namheshimu kwa kutorudi nyuma kuandika Rosa wa pili na wa tatu wakati wasomaji ndo walikuwa wanautaka.

Halafu hamjataja Vuta N'kuvute (1999) mpaka saa hizi, mnanishangaza. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza mtu mzima wa kumzaa, anatoroka, anafikia kwa Mwajuma, na Mwajuma kwangu ndo mhusika bora wa Adam Shafi, hana kitu ila ana moyo na ana mdomo. Mapenzi ya Yasmin na Denge hayaishii tulikokuwa tunaomba yaishie, watu wengi wanalalamika. Mimi nasema Denge toka mwanzo alishaoa siasa, Yasmin alikuwa anaiba muda. Mwandishi angewapa harusi ningekirusha kitabu.

Dogo Janja wa Maktaba

Harusi nilikuwa naisubiri mimi 💔 hicho nacho nipo katikati. Huu uzi sirudi tena.

Mla Kurasa

Dogo pole, we sasa anza na Willy Gamba, huko hakuna wa kukuharibia.

Nimeandika orodha: Barua Ndefu Kama Hii, Season of Migration, Rosa narudia, na ile nyongeza ya Dostoyevsky nitaisoma peke yake kama kitabu kinachojitegemea nione kama Jicho la Tatu ana hoja au ananipoteza muda. Úrsula nakuunga mkono mia kwa mia. Mwalimu, ile ngome ya Kafka sijawahi kuigusa, tafsiri ipi ya Kiingereza haichoshi?